Max Planck: Mhafidhina aliyeipindua fizikia bila kukusudia

Katika vitabu vya fizikia vya shule za upili kuna herufi moja ndogo ambayo huingia kama mgeni asiyepiga hodi. Ni herufi h. Mwanafunzi afikapo kwenye mada ya mwanga unaong'oa elektroni kwenye bamba la madini, huambiwa kwamba nishati ya mwanga ni sawa na h mara idadi ya mitetemo ya mwanga huo kwa sekunde moja. Hupewa thamani ya h, akaamriwa aikariri. Vizazi vya watahiniwa waliopitia mfumo wa 8-4-4 waliikariri, wakaokota alama zao, kisha wakaiacha kwenye mlango wa chumba cha mtihani.

Nimeifundisha mada hiyo kwa miaka kadhaa, na swali ambalo wanafunzi wangu hawakuchoka kuliuliza si namna ya kuitumia h, bali ilikotoka. Kwa maoni yangu hilo ndilo swali bora katika mada nzima, na ndilo ambalo silabasi haikuliachia nafasi. Fizikia inayofundishwa bila kutajwa binadamu walioitolea jasho hugeuka kuwa amri ya kijeshi: hutiiwa bila kueleweka. Ndiyo maana leo nataka kusimulia maisha ya Max Planck, Mjerumani aliyeileta h duniani. Na ninamchagua yeye hasa, si Einstein ambaye kila mtu anamjua kwa nywele zake, kwa sababu Planck hakutaka kabisa kuileta.

Alizaliwa tarehe 23 Aprili mwaka 1858 mjini Kiel, bandari iliyo kaskazini mwa Ujerumani ya leo, katika ukoo wa wasomi wa dini na sheria. Babu yake, na baba wa babu huyo, walikuwa maprofesa wa theolojia; baba yake alikuwa profesa wa sheria. Mwaka 1867 jamaa hiyo ilihamia Munich, na huko ndiko kijana Max alikosomea. Alilelewa kuiheshimu dola, kanisa, chuo na sheria, na heshima hiyo hakuitupa mpaka alipoingia kaburini. Naitaja sifa hii mapema makusudi, kwani asiyeielewa hataelewa kilichomfika baadaye.

Shuleni alipata mwalimu aliyeitwa Hermann Müller, ambaye hakuanza somo la nishati kwa fomula. Aliwasimulia wanafunzi wake habari za mwashi anayelibeba jiwe zito kwa taabu kubwa hadi juu ya paa. Jasho la mwashi, alisema, halipotei. Limewekwa akiba ndani ya jiwe, na laweza kukaa humo miaka na mikaka, mpaka siku moja jiwe lilegee na kumwangukia mpita njia kichwani. Planck alipokuwa mzee wa zaidi ya miaka themanini aliandika tawasifu fupi, na kisa cha mwashi bado kilikuwa hai akilini mwake. Naomba mwalimu anayelalamika, tena kwa haki, kwamba shule yake haina maabara akumbuke kuwa kisa hicho hakikuhitaji kifaa chochote.

Kilichomvutia kijana huyo katika kisa cha jiwe ni kwamba sheria ya nishati haikutegemea maoni ya mtu. Ilikuwa kweli Munich, na ingekuwa kweli hata pasipo binadamu yeyote wa kuitazama. Alikuwa mpigaji hodari wa piano na kinanda cha kanisani, na muda fulani alifikiria kuufanya muziki kazi yake. Hatimaye akaamua kusoma fizikia. Mwaka 1874 alimwendea Philipp von Jolly, profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Munich, kumwomba ushauri. Jolly akamwambia kwamba fizikia ilikuwa imekaribia kukamilika, imebaki kufagia vumbi katika kona moja mbili na kupanga yaliyokwisha kupatikana. Planck alijibu kwamba hakuwa na haja ya kugundua jambo jipya. Alitaka tu kuielewa misingi iliyokwisha kuwekwa. Jibu hilo wengine hulisimulia kama mzaha wa historia. Mimi nalichukua kuwa maelezo sahihi kabisa ya tabia yake.

Mwaka 1877 alikwenda Berlin kuwasikiliza mabingwa wawili wa enzi hiyo, Helmholtz na Kirchhoff. Alivunjika moyo. Helmholtz alikuja darasani bila kujiandaa, akawa anakosea hesabu ubaoni, hadi wanafunzi wakatoroka mmoja mmoja wakabaki watatu, Planck akiwa miongoni mwao. Kirchhoff alijiandaa kwa kila neno, lakini mihadhara yake ilikuwa mikavu kama kitabu kinachosomwa kwa sauti. Basi akajifundisha mwenyewe kwa kusoma maandishi ya Rudolf Clausius kuhusu joto. Hapo ndipo alipoipenda sheria ya pili ya joto, ile isemayo kwamba joto lenyewe huelekea upande mmoja tu, kutoka penye moto kwenda penye baridi, wala halirudi. Tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1879 ilihusu sheria hiyo. Hakuna aliyeijali. Kwa miaka mitano kuanzia 1880 alifundisha Munich bila mshahara, akiishi kwa wazazi wake, hadi mwaka 1885 alipopata nafasi Kiel. Mwaka 1889 aliitwa Berlin kuchukua nafasi ya Kirchhoff aliyekuwa amefariki.

Sasa twende kwa mhunzi. Chuma kikitiwa motoni, kwanza hutoa joto tusiloliona kwa macho, kisha huwa chekundu, baadaye cha rangi ya machungwa, na moto ukizidi huwa cheupe. Chuma au udongo, mambo ni yale yale: rangi hufuata kiasi cha joto, si aina ya kitu. Kirchhoff alikuwa amethibitisha tangu mwaka 1859 kwamba ndani ya kasha lililofungwa na kupashwa moto, mgawanyo wa nishati baina ya rangi mbalimbali za mwanga hutegemea kiasi cha joto pekee. Maana yake ni kwamba mahali fulani palikuwa na kanuni moja ya ulimwengu mzima, isiyojali mali ghafi wala mtengenezaji. Kwa mtu aliyelipenda jiwe la mwalimu Müller, hii ilikuwa chambo.

Lakini Planck hakuwa mtu wa maabara. Vipimo vilifanywa mjini humo humo na wenzake wa taasisi ya serikali ya upimaji, iliyoanzishwa mwaka 1887 huko Charlottenburg. Miongoni mwa kazi za taasisi hiyo ilikuwa kupata kipimo cha kutegemewa cha mwanga, jambo lililohitajiwa sana na viwanda vya taa. Otto Lummer, Ernst Pringsheim, Heinrich Rubens na Ferdinand Kurlbaum walitengeneza makasha yenye tundu dogo, wakayapasha moto, wakapima kwa uvumilivu wa ajabu nishati iliyotoka tunduni kwa kila urefu wa wimbi. Majina yao hayamo katika vitabu vingi vya shule. Ni dhuluma, maana bila wao Planck asingekuwa na la kufanya.

Wakati huo kulikuwa na kanuni ya Wilhelm Wien ya mwaka 1896, ambayo ilielekea kulingana na vipimo, na Planck alidhani ameithibitisha kutokana na sheria yake pendwa ya joto. Kufikia mwaka 1900 vipimo vya mawimbi marefu vikaanza kuipinga. Jumapili ya tarehe 7 Oktoba mwaka huo Rubens na mkewe waliwatembelea akina Planck nyumbani. Katika mazungumzo Rubens alimweleza mwenyeji wake kwamba, kwa mawimbi marefu sana, nishati huongezeka sawia na joto. Wageni walipoondoka Planck aliketi, akaunganisha kanuni ya Wien na habari hiyo mpya, akapata fomula moja. Jioni hiyo hiyo alimwandikia Rubens kwenye kadi ya posta. Tarehe 19 Oktoba aliitangaza mbele ya Chama cha Fizikia cha Ujerumani, na asubuhi iliyofuata Rubens alimjia na habari kwamba alikesha akilinganisha fomula na vipimo vyake, na kwamba vimelingana kila mahali.

Mtu mwingine angesherehekea. Planck alitambua kwamba alikuwa na fomula iliyobahatishwa, isiyo na maelezo, na kwa mtu aliyetaka kuelewa misingi hiyo haikuwa elimu. Majuma yaliyofuata aliyataja baadaye kuwa ya kazi ngumu kuliko yote maishani mwake.

Ugumu wenyewe ulikuwa huu. Kwa miaka mingi alikuwa akiipinga njia ya Ludwig Boltzmann wa Vienna, aliyeieleza sheria ya pili ya joto kwa bahati nasibu: joto huenda upande mmoja si kwa sababu limekatazwa kurudi, bali kwa sababu kurudi ni jambo la nadra mno, kama mtu kurusha shilingi mara elfu na kupata upande mmoja daima. Planck alitaka sheria isiyo na nadra, sheria iliyo sheria. Sasa kila mlango mwingine ulikuwa umefungwa, akalazimika kubisha mlango wa Boltzmann. Njia hiyo ilimtaka ahesabu ni kwa namna ngapi nishati inaweza kugawanywa, na huwezi kuhesabu kitu kisicho na vipande. Basi akaikata nishati vipande. Katika mbinu ya kawaida ya hisabati, mtu hukata vipande ili ahesabu, kisha mwishoni huvifanya vidogo hadi vitoweke. Planck alipojaribu kuvitowesha, fomula yake iliyolingana na vipimo ilitoweka navyo. Vipande vilikataa kuondoka. Kila kipande, au kwanta kama tunavyokiita sasa, kilipaswa kuwa sawa na h mara idadi ya mitetemo kwa sekunde.

Hilo ndilo alilolisoma mbele ya chama kile tarehe 14 Desemba mwaka 1900, siku ambayo wanafizikia wengi huihesabu kuwa siku ya kuzaliwa kwa fizikia ya kwanta. Miaka thelathini baadaye, akimwandikia Mmarekani mmoja barua, alikiri kwamba lilikuwa tendo la mtu aliyekata tamaa, aliyekuwa tayari kuitoa kafara imani yoyote aliyokuwa nayo isipokuwa sheria mbili za joto.

Wanafunzi aghalabu huuliza kwa nini vipande viondoe tatizo. Mimi huwapeleka sokoni. Tuseme katika kasha lile la moto kila wimbi ni mchuuzi wa nishati, na joto ndilo linaloamua mfuko wa mnunuzi una kiasi gani. Wachuuzi wa mawimbi marefu huuza kwa kijiko. Yeyote mwenye senti hununua. Wachuuzi wa mawimbi mafupi, yale yenye mitetemo mingi, hawauzi ila kwa gunia zima. Mwenye senti chache hupita akiwatazama tu. Kwa hiyo chuma chenye joto la kadiri hutoa miale mirefu isiyoonekana na wekundu kidogo, wala hakitoi urujuani wa kuonekana. Mfuko ukinenepa, yaani joto likizidi, hata magunia huanza kununuliwa, nacho chuma hugeuka cheupe. Kama kila mchuuzi angeuza kiasi chochote kile, hesabu ya zamani inasema nishati isiyo na mwisho ingeishia kwa wale wa mawimbi mafupi, na jiko la makaa lingetupofusha. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Planck aligundua kwamba katika ulimwengu wa atomu kuna haba ya mwisho isiyogawanyika tena.

Hapa nina neno na waandishi wa vitabu vya kiada. Vitabu vingi husema kwamba Planck alianza kazi yake ili kuliokoa somo na balaa la hiyo nishati isiyo na mwisho katika mawimbi mafupi. La hasha. Lord Rayleigh alikuwa ameandika kuhusu jambo hilo katikati ya mwaka 1900, lakini jina la balaa lilibuniwa na Paul Ehrenfest mwaka 1911, na halikuwa ndilo lililomkosesha Planck usingizi. Kilichomkosesha usingizi ni grafu za Rubens. Tofauti hiyo si ndogo. Hadithi ya vitabuni inamwonyesha mwanafunzi kwamba nadharia huangushwa na nadharia. Kisa cha kweli kinamwonyesha mtu akiitupa imani ya miaka ishirini kwa sababu nukta kadhaa kwenye karatasi hazikukaa juu ya mstari.

Mbona basi hatuzioni kwanta hizi? Kwa udogo wake. Thamani ya h katika joule na sekunde huanza na sifuri na nukta, kisha sifuri nyingine 33 kabla ya kufika kwenye 663. Taa inayotoa wati moja tu ya mwanga wa kijani hutoa kwanta zaidi ya bilioni mbili mara bilioni moja kila sekunde. Kwa macho yetu huo ni mto, si chembe.

Planck mwenyewe hakuamini kwamba mwanga uko hivyo. Alidhani vipande vilihusu tu namna kuta za kasha zinavyopokea na kutoa nishati, na kwamba ukishaondoka ukutani mwanga husafiri kama wimbi lisilokatika, kama ilivyofundishwa tangu Thomas Young alipoonyesha, mwanzoni mwa karne ya 19, mistari ya giza na nuru inayotokea mwanga mmoja unapopita njia mbili na kukutana tena. Aliyethubutu kwenda mbele alikuwa karani wa ofisi ya hataza mjini Bern, Albert Einstein, mwaka 1905. Yeye alisema mwanga wenyewe huenda kwa vipande.

Einstein alikuwa na kisa cha kumsaidia. Mwaka 1887 Heinrich Hertz alikuwa ameona kwamba cheche za umeme huruka kwa urahisi zaidi zikiangaziwa na miale isiyoonekana iliyo ng'ambo ya urujuani, na mwaka uliofuata Wilhelm Hallwachs akaonyesha kwamba miale hiyo huliondolea bamba la zinki umeme wake hasi. Jaribio hilo bado ndilo bora la kuonyesha darasani: bamba la zinki lililosuguliwa likang'aa, elektroskopu, na taa ifaayo. Ukiweka kioo cha kawaida kati ya taa na bamba, elektroskopu husimama, kwa kuwa kioo huizuia miale hiyo. Taa nyekundu haifanyi lolote, hata uwashe kumi. Mwaka 1902 Philipp Lenard alipima akakuta ajabu zaidi: mwanga ukiongezwa nguvu, elektroni zing'okazo huwa nyingi zaidi, lakini hakuna inayotoka kwa kasi kubwa kuliko awali. Aliyewahi kuangua maembe ataelewa. Ukirusha mchanga gao kwa gao hulidondoshi embe. Jiwe moja hulidondosha. Mwanga mwekundu ni mchanga, na ule wa ng'ambo ya urujuani ni mawe.

Planck alikuwa wa kwanza miongoni mwa wakubwa kuitambua nadharia nyingine ya Einstein, ya uhusianifu, akaitetea kwa nguvu zake zote. Kuhusu vipande vya mwanga alikataa. Mwaka 1913 yeye na wenzake walipoiandikia Akademia ya Prussia wakipendekeza Einstein achaguliwe, waliomba asilaumiwe sana kwa kuvuka mpaka katika suala hilo la kwanta za mwanga. Fikiri kidogo, msomaji: aliyeizaa h anaomba radhi kwa niaba ya aliyeichukua kwa dhati! Hata hivyo alimleta Berlin mwaka 1914, na jioni nyingine walipiga muziki pamoja, Planck kwenye piano na Einstein kwenye fidla.

Ushahidi ulitoka kwa mkaidi mwingine. Robert Millikan wa Chicago alitumia karibu miaka kumi kujaribu kuionyesha fomula ya Einstein kuwa si kweli. Ndani ya chupa isiyo na hewa aliweka madini laini kama sodiamu pamoja na kisu kilichoendeshwa kwa sumaku kutoka nje, ili ayakwangue na kupata uso safi usioguswa na hewa. Matokeo yake ya mwaka 1916 yalikuwa mstari ulionyooka, na mwinamo wa mstari huo ulimpa h iliyokaribiana mno na ile aliyoipata Planck kutoka kwenye kasha la moto. Njia mbili zisizohusiana, nambari moja. Millikan aliikubali fomula, akaendelea kuikataa fikra iliyoizaa, mpaka miaka ya ishirini Arthur Compton alipowashawishi wengi kwa kuonyesha miale ya eksirei ikigongana na elektroni kama gololi. Kufikia mwaka 1927 Davisson na Germer wakaonyesha upande wa pili wa sarafu: elektroni, ambazo kila mtu alizijua kuwa chembe, zikirudi kutoka kwenye nikeli zilipangika kama mawimbi. Planck alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1918, Einstein ya mwaka 1921 kwa ajili ya elektroni zile zing'olewazo na mwanga, na Millikan ya mwaka 1923.

Miaka yote hiyo Planck alikuwa akijaribu kuirudisha h katika nyumba ya zamani ya fizikia, aipatie chumba bila kubomoa ukuta. Hakufaulu. Baadhi ya wenzake waliona kwamba alikuwa akipoteza maisha. Mwenyewe alisema baadaye kwamba kushindwa huko kulimfaa, kwa kuwa ndiko kulikomwonyesha hakika kwamba ukuta wenyewe hauna budi kuvunjwa. Namwamini. Aliyerithi wazo huweza kulikubali kwa wepesi. Yeye alilipima kila pembe kabla ya kulikubali.

Nyumbani mambo yalimwendea vibaya kupita kiasi. Mkewe wa kwanza, Marie, alifariki mwaka 1909. Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Planck alikuwa miongoni mwa wasomi 93 waliotia sahihi tamko la kuitetea Ujerumani, tamko ambalo baadaye alijitenga nalo hadharani. Mwanawe Karl alikufa mwaka 1916 kwa majeraha ya vita vya Verdun. Mabinti zake pacha, Grete na Emma, walikufa wote kwa uzazi. Grete alitangulia mwaka 1917. Emma, aliyekwenda kumlea mtoto wa nduguye na kisha kuolewa na mjane huyo, akafuata mwaka 1919. Vitoto viwili vilibaki. Planck alikuwa na umri wa miaka 61, na tuzo yake ya Nobel ilitangazwa mwezi ule ule aliomzika Emma.

Mwaka 1933 Hitler alipotwaa madaraka, Planck alikuwa rais wa jumuiya kubwa ya utafiti ya nchi yake, iliyoitwa kwa jina la Kaisari Wilhelm. Wanasayansi wa Kiyahudi walifukuzwa kazini kwa sheria. Mwezi Mei mwaka huo alikwenda kwa Hitler, akamtaja mwanakemia Fritz Haber, akajaribu kumweleza kwamba Ujerumani ilikuwa ikijikata mkono. Kwa masimulizi aliyoyatoa baadaye, Hitler alifura kwa ghadhabu mpaka mgeni akanyamaza na kuaga. Haber alifia ugenini mwaka 1934. Januari mwaka 1935 Planck aliandaa kikao cha kumkumbuka, ijapokuwa wizara ilikuwa imewakataza watumishi wa serikali kuhudhuria. Ukumbi ulijaa, wengi wakiwa wake za maprofesa waliokatazwa.

Je, ilitosha? Katika suala hili mimi si wakili wake. Planck aliamini kwamba dhoruba ingepita na kwamba kazi ya mtu mzima ni kubaki akiulinda mti using'oke. Alibaki, akatoa saluti iliyotakiwa, akazitekeleza sheria zilizowafukuza wenzake, huku akiwalinda wachache alioweza. Einstein hakumsamehe kirahisi, na sioni kwa nini amsamehe. Mtu yule yule aliyekubali kuitupa imani yake mbele ya grafu za Rubens hakuweza kuitupa heshima yake kwa dola, hata dola hiyo ilipokuwa mikononi mwa wauaji. Heshima ile ya Kiel na Munich niliyoitaja mwanzoni ilimjenga, na hapa ikamfunga. Ninapowasimulia wanafunzi habari zake siiruki sehemu hii, kwani ushujaa wa maabara na ushujaa wa barazani ni vitu viwili, na aliye na kimoja hana hakika ya kupata cha pili.

Februari mwaka 1944 mabomu yaliiteketeza nyumba yake Berlin pamoja na vitabu, barua na daftari zake. Mwanawe Erwin, mtoto wa mwisho aliyesalia kati ya wanne wa mke wa kwanza na rafiki yake mkubwa kuliko wote, alikamatwa baada ya jaribio la kumwua Hitler la tarehe 20 Julai. Mzee wa miaka 86 aliandika barua za kuomba maisha ya mwanawe. Erwin alinyongwa tarehe 23 Januari mwaka 1945. Vita vilipofika mwisho, Planck na mke wake wa pili, Marga, walikuwa wakijificha porini karibu na mto Elbe, yeye akiwa amepinda mgongo kwa maumivu, mpaka Wamarekani walipowachukua na kuwapeleka Göttingen.

Mwaka 1946 alialikwa London kwenye sherehe za kumkumbuka Newton, Mjerumani pekee aliyealikwa. Alifariki tarehe 4 Oktoba mwaka 1947, akiwa na umri wa miaka 89. Jumuiya ya utafiti aliyoiongoza iliundwa upya kwa jina lake.

Tangu tarehe 20 Mei mwaka 2019 thamani ya h haipimwi tena. Mataifa yalikubaliana kuiweka imara, na kilo, ambayo kwa zaidi ya karne moja ilikuwa ni kipande cha madini kilichofungiwa karibu na Paris, sasa huelezwa kutokana nayo. Mizani ya muuza sukari, kwa mlolongo mrefu wa vipimo, inasimama juu ya nambari iliyokataa kutoweka katika majuma yale ya mwaka 1900. Kaburini kwake Göttingen jiwe lina jina lake kwa herufi kubwa, na chini kabisa, kwa maandishi madogo ambayo mgeni asiyeinama hawezi kuyaona, pamechongwa h na thamani yake katika vipimo vya enzi hiyo.